Ng'ombe Waliorudi Kabla ya Msiba

Siku baba aliponipa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, alivaa koti lake la kanisani, akakataa chai ya mama, akasema kwamba mtu hanywi chai akiwa anakwenda kujizika. Mama alimwambia aache uchuro. Mimi nilicheka. Nilidhani ni utani wa kawaida wa baba, na pia nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nina haraka ya kuona mambo ya dunia yakiwekwa sawa, na nilikuwa nimeamua kuanzia nyumbani kwetu Nambis.

Nilisomea maendeleo ya jamii. Wakati wa mafunzo ya vitendo nilipelekwa Masieda, na huko nilimkuta mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amepooza, hawezi kusema wala kushika kalamu. Mwanamume yule alikuwa hai, anapumua, macho yake yanamfuata kila anayeingia, lakini mashamba yake yalikuwa tayari yamekodishwa na wadogo zake bila mkewe kuulizwa. Kila ofisi aliyokwenda yule mama aliambiwa amlete mwenye mali. Mwenye mali alikuwa kitandani, anaangalia dari. Nilirudi nyumbani na sura ya mama yule kichwani, nikaapa kwamba yaliyompata hayatampata mama yangu.

Kwa hiyo nilimweleza baba juu ya hati ya uwakilishi. Nilimwambia ni karatasi ambayo mtu, angali mzima na mwenye akili zake timamu, anampa mtu anayemwamini ruhusa ya kushughulikia mambo yake pale yeye anapokuwa mbali au anaumwa: kusaini, kuuza, kukodisha, kufuatilia haki yake ofisini. Nilimwambia hati hiyo haimnyang'anyi kitu, na anaweza kuifuta siku yoyote anayotaka. Baba alisikiliza huku anachonga mpini wa jembe. Mwishoni aliuliza, "Na nikiwa nipo, watu watamsikiliza nani?"

"Wewe, baba. Mimi nitakuwa wa kukusaidia tu."

"Ukishamwandika msaidizi," alisema, "watu wanaona njia fupi."

Ilichukua miezi. Mama hakutaka jina lake liandikwe. Alisema herufi zinamkimbia, na kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa viazi na maharage ya shamba hili anaweza kulisemea shamba hili. Kaka yangu yuko mbali na alikubali kwa simu bila kinyongo. Baba hatimaye alichoka na maneno yangu, au aliona ukweli ndani yake, sikuwahi kujua ni kipi. Tukashuka Mbulu mjini, tukapanda ngazi za ofisi ya wakili iliyo juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo.

Wakili alikuwa kijana mpole. Alieleza tena yote niliyoyaeleza, akaongeza kwamba hati hii inakoma mwenyewe anapofariki, kwamba ya baada ya hapo ni mambo ya wosia. Akauliza mali. Baba alitaja nyumba, shamba la juu, shamba la bondeni, miti ya kando ya korongo. Alipoulizwa mifugo alisema, "Wale wa zizini kwangu waandike. Wale wengine waache."

"Wengine wako wapi, mzee?"

Baba aliangalia dirisha.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo wakili, aliyezaliwa mkoa mwingine, hakuwa na sababu ya kulijua. Kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki wa mbali, ambako majani ni tofauti na magonjwa hayafiki kwa wakati mmoja. Rafiki anawatunza na kunywa maziwa. Mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe. Hakuna anayehesabu mbele ya watu, wala anayedai, na jirani hatakiwi kujua ni wangapi. Kitu kinachowaunganisha hao wawili ni wanyama hao. Siku mmoja wao anapokufa, ndipo mtoto wake anapokwenda kuulizia, na mtunzaji anawatoa wote mbele yake, na maneno kati ya nyumba hizo mbili yanafungwa: hakuna tena cha kudaiana.

Ng'ombe wa baba walikuwa Hanang, kwenye tambarare chini ya Gitting, kwa mzee mmoja wa kabila la wafugaji, Mdatoga. Walifahamiana mnadani wakiwa vijana. Babu zao, kwa jinsi walivyosimulia wenyewe, walikuwa wakiibiana na kuuana, na wao wawili waliligeuza jambo hilo kuwa kicheko cha maisha yao yote. Yule mzee alimwita baba mla viazi. Baba alimwita mwizi mstaafu. Alipokuja kututembelea alileta kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi, na sisi watoto tulishindana kumwamkia. Usiku tulisikia vicheko vyao kupitia ukutani, katika lugha yake ambayo baba aliizungumza vibaya kwa makusudi ili achekwe.

Wakili, kwa tahadhari ya kazi yake, aliandika mwishoni: na mifugo yangu popote ilipo. Aliposoma kwa sauti, baba aliinua mkono.

"Popote ni mbali," alisema.

Wakili alinitazama. Nikamwambia baba kwamba ni maneno ya kujikinga tu, ili asitokee mtu akasema jambo fulani limeachwa. Baba akaomba kalamu. Alisaini taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa darasani miaka ile. Muhuri ulipogongwa alishtuka.

Cha ajabu ni kwamba baadaye aliipenda karatasi ile. Aliitunza kwenye bahasha ya kaki ndani ya Biblia, na wageni walipokuja aliitoa, akawaonyesha muhuri, akasema, "Huyu binti ni mimi." Walimpongeza. Mimi nilijisikia nimefanya jambo jema, na bado naamini lilikuwa jema. Ndiyo maana ni vigumu kuandika yanayofuata. Ningekuwa na ubaya wa kuuonyesha kidole, ningeuonyesha na kumaliza.

Mwaka uliofuata baba aliugua. Yalikuwa maradhi ya wanaume wa umri wake, yale ambayo hawayataji mbele ya binti zao, na kwa sababu hakuyataja yalifika pabaya. Alilazwa, na daktari akasema lazima afanyiwe upasuaji. Akiwa kitandani alinivuta karibu na kuniambia niende kwa rafiki yake Hanang, nimweleze, niombe fahali mmoja auzwe kwa ajili ya matibabu. Mambo kama haya hayasemwi kwa simu, na hata hivyo yule mzee hakuwa na simu.

"Nenda na bahasha," alisema baba.

Nilimuuliza kama kuna haja. Rafiki yake alinijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

"Nataka aione," alisema. "Amwone mla viazi ana wakili."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza.

Nilipanda basi hadi Katesh kupitia Babati, kisha bodaboda iliyoruka mashimo hadi nilipoanza kuona vichaka vya miiba na maboma ya mbali. Mzee alikuwa ameketi nje ya boma lake, amejifunga shuka yake nyekundu iliyofifia, bangili za shaba mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza nipewe maziwa. Akaulizia nyumbani.

"Baba anaumwa," nilisema. "Amelazwa."

"Anaumwa sana?"

"Anaumwa, baba, ila tunamshukuru Mungu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana moyoni. Mtu yeyote wa kwetu anajua jinsi habari ya kifo inavyopelekwa. Hakuna anayempigia simu mtoto aliye mbali na kumwambia baba yako amekufa. Anaambiwa mzee anaumwa, njoo. Anasafiri na moyo wake ukijua na masikio yake yakiwa hayajaambiwa, na ni uungwana kumwachia nafasi hiyo. Mimi nilisema anaumwa kwa sababu alikuwa anaumwa. Mzee yule, muungwana kuliko wengi niliowahi kukutana nao, alisikia kile ambacho maneno hayo husema siku zote.

Kisha nikatoa bahasha. Nilimsomea hati, nikiyageuza maneno magumu kuwa mepesi, na nilipofika kwenye mifugo popote ilipo nikaeleza kwamba kwa hiyo hata hawa wa hapa, ikibidi, mimi naweza kuwasemea. Mke wake, aliyekuwa akitikisa kibuyu cha maziwa kivulini, aliacha kutikisa.

Mzee aliuliza, "Wewe ndiye unayesema sasa?"

"Kwa niaba yake, ndiyo."

"Na yeye amebaki na nini?"

"Amebaki na vyote, baba. Mimi namsaidia tu." Nikamweleza juu ya fahali mmoja. Alitikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa anaangalia ardhi, na sina hakika kama maneno yale yalimfikia.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema. "Ukae na mama yako. Nitaleta kilicho cha baba yako."

Niliondoka nimefurahi. Njia nzima niliwaza jinsi utaratibu unavyorahisisha mambo. Sikujiuliza kwa nini hakuniuliza baba anaumwa nini. Sikujiuliza kwa nini, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakunipa neno la dhihaka nimpelekee mla viazi.

Upasuaji ulifanyika kabla ya kuja kitu chochote kutoka Hanang. Mama aliuza dume la kulimia, wanajumuiya wa kanisani wakachanga, na baba akatoka hospitalini amekonda, hasira nyingi, hamu ya chakula imerudi. Alikuwa akiketi asubuhi kwenye kigoda mbele ya nyumba, blanketi mabegani, akigombana na jua kwa kuchelewa.

Alikuwa pale tulipoanza kusikia kengele.

Walikuwa wanapanda kutoka upande wa korongo, wengi kuliko nilivyowahi kufikiri, na vumbi likiwa juu yao. Majirani waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao. Baba aliwatambua ng'ombe kabla sijamtambua mtu. Hakuwa amewaona wengine wao tangu wakiwa ndama, lakini aliwatambua kwa mama zao, kwa mabaka na pembe. Alisema polepole, "Hao ni wangu." Kisha akasema, "Wote." 

Nyuma ya ng'ombe walikuwa vijana wawili, watoto wa yule mzee, na nyuma yao yeye mwenyewe, kwa miguu. Alikuwa amenyoa kichwa. Mkononi hapakuwa na bangili.

Mama alielewa kwanza. Alijifunika mdomo kwa kanga akaingia ndani. Mimi nilibaki nimesimama kati ya kigoda cha baba na lango, na sikujua nielekee upande gani.

Mzee alifika langoni akainua macho, akamwona baba. Alisimama pale muda mrefu. Vijana wake nao walisimama, na ng'ombe, bila mtu wa kuwaongoza, wakaanza kula maharage yetu.

Baba ndiye aliyesema. "Mwizi mstaafu," alisema, "umekuja kunizika?"

Mzee hakucheka. Aliketi chini kwenye majani, palepale langoni.

"Nimeshakulilia," alisema. "Nimenyoa."

"Naona. Kichwa kimekuwa kiazi. Sasa utajila mwenyewe."

Hapo mzee alicheka, na katika kucheka akalia, na baba akainuka na blanketi lake likaanguka, akamfuata akamshika mkono. Walikaa chini langoni pamoja. Nilikwenda kuwafukuza ng'ombe kwenye maharage kwa sababu nilihitaji kuwa na kazi ya kufanya.

Jioni ile ilikuwa ya furaha, na nilijidanganya kwamba jambo limekwisha. Mama alipika. Majirani walikuja, wakaangalia zizi lililojaa hadi nje ya uzio, wakampongeza baba kwa utajiri ambao alikuwa ameuficha maisha yake yote. Nilimwomba mzee msamaha, nikamweleza kwamba sikuwa na maana ile. Alinigongagonga begani. Alisema mimi ni mtoto mzuri, nilisema kweli, na kwamba yeye ndiye aliyesikia vibaya. Alisema pia, akimgeukia baba, kwamba watu wa milimani ni wachoyo kiasi kwamba hata kufa wanatuma karatasi. Wote wawili walicheka sana.

Asubuhi, vijana walipokuwa wanajiandaa kuondoka, baba alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Basi wachukueni. Majani ya huku hayawatoshi hata wiki."

Mzee aliwatazama vijana wake. Kisha akasema hawezi.

Baba alimtazama.

"Niliwaita wanangu," alisema mzee. "Nikawatoa ng'ombe wako mmoja mmoja nje ya zizi na kuwataja mbele yao. Nikasema maneno yako kwetu yamefungwa. Nikachinja. Haya nikiyafungua, wanangu watajifunza nini? Kwamba baba yao anamaliza kilio halafu anakirudisha?"

"Lakini hapa hakuna msiba," alisema baba.

"Kwenu hakuna. Kwetu ulikuwepo."

Alisema bila ukali wowote. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Baba alifungua mdomo, nikadhani atatoa dhihaka moja ya kuyavunja maneno hayo, kwa maana sikuwahi kumwona akikosa moja. Alikosa.

Baada ya muda alisema, "Hata mtamba mmoja? Ili njia kati yetu isiote majani?"

Mzee alinigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama na birika la maziwa.

"Kutoka kwake nitapokea," alisema. "Alikuja kwangu akasema yeye ndiye anayesema. Ng'ombe wake atakaa kwangu."

Nilianza kueleza. Nilisema kwamba hati inaweza kufutwa, kwamba mali yote bado ni ya baba, kwamba hata wakili alisema. Nilisikia sauti yangu ikiwa ileile ya darasani. Baba aliinua mkono, kama alivyouinua kule juu ya duka la mbegu.

"Mpe," alisema.

Nilimuuliza nimpe yupi. Alinyoosha kidole kuelekea mtamba mmoja mweusi mwenye doa usoni, kisha akakirudisha kidole.

"Chagua wewe."

Nilimchagua yule mweusi. Vijana walimtanguliza, na mzee akamuaga baba kwa mikono yote miwili, akashuka korongo. Hakugeuka. Baba alibaki langoni hadi kengele ilipokoma kusikika.

Wale wengine hatukuweza kuwalisha. Shamba letu ni la mlimani, kila kipande kimelimwa, na baba hakuwa na nguvu ya kwenda kutafuta rafiki mpya. Alisema urafiki wa namna ile huanzishwa na vijana. Aliwauza mnadani, kidogo kidogo. Ndugu ambao hatukuwa tumewaona kwa miaka walikuja na shida zao, kwa kuwa sasa kila mtu alijua.

Nilimwambia twende kwa wakili, tuifute hati. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho nilikuwa nalia. Alinijibu kwamba imeandikwa vizuri, mama yangu anaihitaji, niiache ilipo. Bahasha bado iko ndani ya Biblia. Haonyeshi tena wageni.

Siku hizi nafanya kazi hukohuko Hanang, na katika vijiji vya Gitting nawashauri watu waandike hati kama ile, kwa sababu yule mama wa Masieda hajanitoka moyoni na kwa sababu hati inalinda kweli. Lakini kabla hawajapanda gari kwenda kwa wakili, nawauliza ni nani aliye mbali anayepaswa kulisikia jambo hili kwanza, kutoka kinywani mwa mwenyewe, akiwa amesimama mbele yake mzima. Baba angeweza kwenda. Mwaka ule aliposaini alikuwa bado na miguu. Tungepanda basi lilelile, wawili, na angenisukuma mbele na kusema, mwizi mstaafu, huyu nimemwandika anisaidie, usije ukanyoa. Ingekuwa safari ya siku moja tu.

Kila ninapopata nafasi nashuka tambarare kumwamkia mzee. Ananipa maziwa, ananionyesha mtamba wangu, ambaye sasa ana ndama. Ananiulizia baba kwa heshima kubwa, kama mtu anavyoulizia wazazi wa rafiki yake. Hanitumi dhihaka.

Nikirudi Nambis, baba ananipokea langoni, anangoja niketi, anangoja nipewe chai. Halafu anaangalia pembeni na kuuliza, "Ng'ombe wako hajambo?"

Namjibu kwamba hajambo.